Kumtafuta Mama Yake Mama

Mama aliniuliza swali lile siku ya nne baada ya Idi, asubuhi, nikiwa nimechuchumaa mbele yake namvisha soksi. Miguu ilikuwa imemvimba, viatu havimwingii tena. Daktari alikuwa ametuita pembeni, mimi na mdogo wangu wa kike, akatuambia moyo umechoka. Dawa zitausaidia kwa muda, akasema, ila tusihesabu mwaka.

"Mama yangu kazikwa wapi?" mama akasema.

Nilidhani anazungumza na nafsi yake. Nikaendelea na soksi. Akaniwekea mkono begani, akarudia polepole, kama anayemrudilia mtu anayesikia kwa shida.

"Nakuuliza wewe. Wewe umefanya kazi kwenye makaratasi ya serikali maisha yako yote. Mama yangu kazikwa wapi?"

Habari za bibi yangu tulilelewa nazo kwa maneno machache sana. Mama alikuwa na umri wa miaka sita hivi. Siku hiyo mama yake alikuwa amemweka katikati ya magoti anamsuka, ameshamaliza upande mmoja wa kichwa, lori la serikali likasimama nje. Lilikuwa likikusanya wagonjwa wa ukoma mji mzima na kuwapeleka kambini, mbali huko bara. Bibi akaambiwa apande. Upande wa pili wa kichwa cha mama ulikaa vile vile, nywele wazi, mpaka jirani alipomwonea huruma akaumalizia. Haukupita mwezi, babu akarudi kutoka safarini akasema mkewe amefariki kambini na amezikwa huko huko. Watu wakakaa matanga siku tatu. Halafu babu akaoa mke mwingine, na neno ukoma halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Mama mwenyewe alitusimulia mara mbili tu katika maisha yake, na mara zote mbili kwa sauti ya chini.

"Nataka asomewe Yasini juu ya kaburi lake," aliniambia asubuhi ile. "Miaka yote namsomea hewani. Nimechoka kumsomea hewani."

Nilimwambia nitatafuta. Nilisema kwa wepesi, maana nilidhani nitauliza watu wawili watatu nipate jibu.

Nilianza kwa mjomba. Ni mdogo wake mama kwa baba, mtoto wa yule mke wa pili, na ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa. Mama ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, na mpaka uzeeni alikuwa hali kitu kizuri bila kumpelekea. Nilimkuta barazani kwake baada ya sala ya alasiri.

"Hayo yamepita," mjomba akaniambia. "Mimi hata kuzaliwa sijazaliwa. Na mama yako mgonjwa, msimchokoze."

"Hatumchokozi, mjomba. Yeye ndiye anayeuliza."

"Basi mtulizeni."

Wazee wengine niliowafuata walikuwa wachache, na wote walijua kile kile: lori, kambi, matanga. Hakuna aliyejua kaburi. Nikaenda kwenye ofisi niliyostaafia, masjala ya serikali pale mjini, ambako nilikuwa karani tangu ujana wangu mpaka nywele zikageuka. Kijana aliyerithi kiti changu alinipokea kwa heshima, akanifungulia stoo. Nilijua hakuna kitu mle. Nilijua kuliko mtu mwingine yeyote, na hilo ndilo lililoanza kuninyima usingizi.

Nilipokuwa mgeni kazini tuliletewa agizo la kusafisha stoo. Mchwa walikuwa wameingia, paa linavuja, majalada ya zamani yamegandana. Tuliambiwa tuchambue: yenye maana yapelekwe Dar es Salaam kwenye nyaraka za taifa, yaliyobaki yateketezwe. Kwa kuwa nilikuwa najua kusoma Kiingereza nafuu kuliko wenzangu, nikapewa mimi kazi ya kusoma vichwa vya majalada. Nilikuwa nasoma, nasema "Dar" au nasema "nje". Siku mbili tulikuwa tunachoma nyuma ya jengo. Nakumbuka harufu ya gundi ya zamani, nakumbuka tulivyocheka. Nakumbuka pia jalada moja nene, kamba imeoza, kichwa chake kinahusu wagonjwa waliopelekwa kambini. Lakini hata nikae vipi na kufumba macho, sikumbuki nilisema neno gani. Dar, au nje.

Sikumwambia mama. Sikumwambia mdogo wangu pia. Nilichukua barua ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa, nikapanda basi la kwanza kwenda Dar.

Nyumba ya nyaraka ina chumba cha kusomea chenye meza ndefu na feni za dari. Unaacha begi mlangoni, unaingia na penseli na karatasi. Aliyenihudumia alikuwa mwanamke mwenye miwani, umri wa binti yangu mkubwa, anazungumza taratibu.

"Shikamoo, mzee. Unatafuta nini hasa?"

"Marahaba. Natafuta mtu."

Aliitazama barua yangu, akanitazama mimi. "Majalada yetu hayakupangwa kwa majina ya watu, mzee. Yamepangwa kwa ofisi zilizoyaandika. Unajua alishughulikiwa na ofisi gani?"

Nikacheka, si kwa furaha. Miaka yote nilikuwa nawaambia watu maneno hayo hayo dirishani kwangu, wakulima waliotoka mbali kutafuta cheti cha marehemu, nawajibu bila kuinua kichwa. Nikamtajia wilaya na miaka niliyokisia. Akaniletea orodha, akanionyesha jinsi ya kujaza fomu ya kuombea jalada, kisha akaniacha.

Nilikwenda siku nyingi. Naondoka Bagamoyo alfajiri, narudi jioni, mama ananitazama usoni kabla sijavua viatu. Nilisoma habari za barabara na madaraja, za minazi iliyoliwa na wadudu, kesi za mbuzi, majumbe waliogombania mipaka. Nilisoma orodha za watu, na orodha zilikuwa na tabu yake. Bibi alikuwa na jina la nusu ya wanawake wa pwani, na jina la baba yake ni la nusu ya wanaume. Halafu makarani wale wa zamani kila mmoja aliandika alivyosikia. Herufi moja inaongezwa, nyingine inaachwa. Ukurasa mmoja unaweza kukuta binti fulani watano, wote bibi yako, wote si bibi yako.

Wiki ya pili nilimpata. Ndivyo nilivyodhani. Karatasi ya vifo kutoka kambi moja, jina lake, jina la baba yake, Bagamoyo, na mahali pa kaburi pameandikwa kabisa. Nilitoka mpaka ukumbini, nikampigia mdogo wangu, naye akamwambia mama hapo hapo. Nilisikia kwenye simu mama akisema alhamdulillah, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. Niliporudi mezani nikageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na maelezo: mjane, mzee, macho hayaoni. Bibi yangu alichukuliwa akiwa mwanamke mbichi ambaye hata miaka thelathini hajafika.

Jioni ile nilimwambia mama mwenyewe. Nilikaa kitandani kwake nikamweleza kwamba siye.

"Basi siye," akasema. "Maskini, na huyo naye ana watu wake wanamtafuta."

Siku mbili baadaye akazidiwa. Mdogo wangu alinipigia nikiwa mezani na jalada la kodi, akaniambia wako hospitali, wamemwekea oksijeni, na kila anapoitoa ile barakoa anauliza kama nimerudi.

"Rudi tu," akaniambia. "Unamfukuzia mtu aliyekufa na huyu aliye hai anakuondokea."

Nilirudi. Nilikaa naye siku nne wodini. Ijumaa ya wiki ile, nikitoka kusali, miguu ilinipeleka yenyewe kwenye makaburi ya zamani pembezoni mwa mji, yale ambayo yamebaki vichuguu bila wenyewe. Nilizunguka nikitazama. Nilichagua moja. Lilikuwa mahali pazuri, gari linaweza kufika karibu. Nikajiambia nitamleta hapa, nitamwambia walimrudisha wakamzika kwa siri, atasoma Yasini yake, atatulia, atakufa ametulia, nani atajua? Nilisimama pale mpaka jua likanichoma utosi. Nilikwisha kupanga hata maneno. Kilichonizuia si uchamungu. Nilijua ataniuliza maswali, na mbele ya mama yangu sijawahi kuweza kusema uongo zaidi ya sentensi mbili.

Alipopata nafuu wakamruhusu nyumbani, nikamwomba mdogo wangu siku tatu tu za mwisho.

Siku ya pili, yule mwanamke mwenye miwani alikuja mwenyewe mezani kwangu. Aliniambia amefikiri. Majalada ya wagonjwa hasa yana masharti yake, lakini mgonjwa akiandika kuomba jambo kwa mkuu wa wilaya, barua yake haikai na wagonjwa, inakaa na malalamiko ya wananchi. "Na usitazame mwaka aliochukuliwa," akasema. "Tazama miaka ya mbele."

"Alikufa mwezi huo huo," nikamwambia.

"Tazama tu, mzee."

Jalada lililetwa saa tano. Nilikuwa nimekwisha kuchoka kiasi kwamba nilikuwa nafunua bila kutarajia. Karatasi ilikuwa ya madaftari ya shule, mwandiko mzuri wa karani aliyesoma kwa wamisionari, Kiswahili. Tarehe yake ilikuwa miaka tisa baada ya matanga ya bibi. Nilinakili kwa penseli kabla sijaruhusu akili yangu kufikiri, na nakala ile ninayo:

"Kwa Bwana Mkubwa wa Bagamoyo. Baada ya salamu. Mimi ni mwanamke wa mji huo, nililetwa huku kwa maradhi. Sasa nimepona kwa dawa mpya na daktari amenipa cheti. Naomba nirudishwe kwetu. Mume simtaki, najua ameoa. Nina mtoto wa kike nilimwacha mdogo. Ikiwa haiwezekani kukaa naye, nimwone tu. Hata kwa mbali nimwone tu."

Chini yake jina lake, jina la baba yake, jina la babu yangu kama mume, jina la mtaa wetu. Na alama ya kidole gumba, ambayo nusu yake haikushika wino.

Niligeuza ukurasa. Jumbe wa mtaa alikuwa ameagizwa amuulize mume. Jibu la babu yangu lilikuwa mistari sita, nayo nikainakili. Alisema mtoto anajua mama yake amekufa, na watu wote wanajua hivyo. Alisema mtoto anaolewa mwezi ujao na watu wema, na wakisikia mama yake alikuwa mkoma na yu hai watamwacha. Aliomba mwanamke yule asirudishwe Bagamoyo, kwa heshima ya binti. Naye alipiga kidole gumba. Alama yake ilikuwa nzima, imekolea.

Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mkubwa fulani alikuwa ameandika neno moja la Kiingereza ambalo mimi mwenyewe nimeliandika mara elfu. Maana yake ni kwamba jambo limekwisha, karatasi ihifadhiwe.

Sikulia. Nilikaa nimeshika kingo za meza. Yule mwanamke aliona, akaja akasoma juu ya bega langu, akanishika kiwiko akanitoa mpaka ukumbini, akanipa maji.

"Nani wako, mzee?"

"Bibi. Mzaa mama."

"Kuna karatasi moja ya mwisho hujaisoma," akasema.

Ilikuwa kipande tu, cha kukabidhiana. Bibi alitolewa kambini mwaka uliofuata, akakabidhiwa kwa ndugu wa upande wa mama yake. Mahali, Miono.

Miono. Ndani ya wilaya yetu wenyewe. Nimefika Miono kikazi sijui mara ngapi, nimekunywa chai Miono, nimelala kwenye nyumba ya wageni Miono. Nilikuwa nimemtafuta bibi kwa akili ya mtu anayetafuta kitu cha mbali.

Sikurudi nyumbani kwanza, nikalala Dar. Kesho yake nilipita Bagamoyo bila kushuka, nikaunganisha magari mpaka Miono, na mchana nikawa nimekaa mbele ya mtendaji wa kijiji. Alifikiri, akaita mtu, wakashauriana, kisha wakanipeleka kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipura kunde uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nilipomtajia jina la bibi hakushtuka. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwa khanga.

"Alikuwa jirani yangu," akasema. "Nimeolewa hapa nikamkuta. Vidole vya mkono huu vilikuwa vimekunjika, lakini mkeka aliokuwa anasuka kwa vile vitatu vilivyobaki, mimi kwa kumi siwezi. Wewe nani wake?"

"Mjukuu. Mtoto wa binti yake."

"Wa Bagamoyo?"

"Wa Bagamoyo."

Akanisogezea kigoda. Nikamuuliza lile lililokuwa likinikaba tangu jana. Kwa nini hakuja? Alipona, alikuwa huru, watu wa Miono wanakwenda Bagamoyo na kurudi. Kwa nini hakuja hata siku moja?

"Alikuwa akisema mwanawe kaolewa na watu wenye heshima zao. Akitokea yeye, wataanza kumwangalia binti ngozi. Kila akipika wataitazama mikono yake. Akizaa watawatazama watoto." Akaokota punje ya kunde, akairudisha kwenye ungo. "Wauza samaki wakija kutoka huko alikuwa anawauliza. Ndivyo alivyojua ana wajukuu."

Nilimuuliza alifariki lini. Hakujua mwaka, ila alinihesabia kwa watoto wake mwenyewe, nani alikuwa mgongoni, nani tumboni. Nilipojumlisha nikakuta nilikuwa darasa la pili.

Kaburi liko kwenye shamba la familia yake, baina ya mihogo na mkorosho. Wamelizungushia mawe na wanapolima wanalikwepa. Nilisimama pale sijui nifanye nini na mikono yangu. Yule mama akaniuliza kama huyo binti yu hai.

"Yu hai. Anaumwa sana."

"Basi mlete," akasema.

Mdogo wangu nilimweleza uani, tumeinama juu ya sufuria kama wezi. Alisoma nakala mara mbili. Halafu akasema, "Mwambie kaburi. Barua usimwambie. Kaka, nakuomba, wala hilo la babu usilitaje. Babu ndiye aliyemlea. Hana mwingine." Nikamwahidi.

Nikaingia ndani nikamwambia mama nimelipata kaburi, liko Miono.

"Miono?" Akajiinua kwenye mito. "Kambi haikuwa Miono. Alifikaje Miono?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema sentensi moja, nikasema ya pili, ya tatu ikanikwama. Mama alikuwa akinitazama mdomoni. Nikamwambia. Nilimwambia alipona, aliandika barua. Akataka aisikie. Nikamsomea. Akataka tena. Mara ya tatu alikuwa ananitangulia maneno: nimwone tu, hata kwa mbali nimwone tu.

"Na baba alijibu nini?"

Nikaikunja karatasi.

"Soma," akasema.

Nikasoma ile mistari sita. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, amejifunika uso na mtandio. Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu, alifariki lini, nikamjibu. Akawa anahesabu kwa vidole chini ya shuka, niliviona vikitembea. Miaka kumi na sita. Miaka kumi na sita baada ya ndoa yake mama yake alikuwa yu hai mahali ambapo mtu angeondoka asubuhi akafika siku ile ile. Akageukia ukutani.

Hakula siku ile wala iliyofuata. Maji alikunywa kwa kulazimishwa. Mdogo wangu alikuwa anapita mbele yangu kama anapita kivuli, na mara moja tu alifungua kinywa. "Umemuua," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, akaendelea kufagia. Nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Nilikaa nje ya mlango wa mama nikisikiliza pumzi zake, nikajuta kila siku niliyokwenda Dar. Nikatamani lile jalada ningelisema "nje", nikatamani vyote vingeungua.

Siku ya tatu asubuhi akaniita.

"Nipelekeni," akasema.

Jirani alitupa gari. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mdogo wangu, na njia nzima tulikuwa tukisimama ili apumue. Shambani tulimbeba kwenye kiti cha plastiki, mimi na wanaume wawili wa pale, tukipita kwenye matuta. Tukamweka kando ya mawe. Yule mama wa kunde alisimama mbali kidogo kwa adabu.

Mama alivuta pumzi mpaka zikamtosha. Kisha akainama kadiri alivyoweza.

"Shikamoo, mama," akasema.

Akangoja. Sisi tuliokuwa pale tuliinamisha vichwa. Halafu akaanza Yasini, na kwa kuwa pumzi hazikutosha, mdogo wangu akawa anampokea kila anapokatika. Walimaliza. Mama akaomba mkono wangu, akaomba na wa mdogo wangu.

"Mimi nikifa mnilaze hapa. Msinipeleke kwa baba. Mmenisikia?"

Tukasema tumesikia. Tukasema inshallah.

Alifariki wiki ya tatu baada ya hapo, asubuhi baada ya kunywa uji. Nilipotoka chumbani kumtangazia mjomba, yeye alikuwa ameshafika, ameshapigiwa simu na watu. Vijana walikuwa tayari wameondoka na majembe kwenda kuchimba kwenye makaburi ya ukoo, pembeni ya babu. Nilimfuata barazani, nikamwinamia sikioni.

"Mjomba, mama aliusia azikwe Miono."

Hakunijibu sikioni. Alinijibu kwa sauti iliyofika kwa kila aliyekaa jamvini. "Miono? Miono kuna nani wetu?"

Watu wakanigeukia. Walikuwa pale wazee wa msikiti, wakwe zangu, wajukuu wa babu wote, watu ambao wakilitaja jina la babu hulitanguliza na marehemu mtu wa watu. Nakala ilikuwa mfukoni mwa kanzu yangu. Nilikuwa nimeiweka makusudi. Ningeitoa, ningesoma mistari sita, basi. Mjomba alikuwa ananitazama, macho mekundu, amempoteza dada aliyembeba mgongoni, na nadhani alijua kuna kitu. Simu yangu ikatetemeka. Ni mdogo wangu, yuko ndani na wanawake, ameandika neno moja: Umewaambia?

"Hakuna," nikamjibu mjomba. "Basi."

Tukamzika mama alasiri, mkono wa kulia wa baba yake. Mimi niliingia kaburini kumpokea. Mdogo wangu hakuniuliza kitu wakati ule wala baadaye. Tunaishi nyumba moja, ananipikia, ananiitikia salamu. Mjomba naye anakuja kila Ijumaa.

Zilipopita siku arobaini nilikwenda Miono peke yangu. Yule mama alikuwa shambani anapalilia. Alinipa pole, akaniambia habari zilimfikia. Nilisoma nilichoweza juu ya lile kaburi, na nilipomaliza akawa bado ameegemea jembe ananingoja.

"Mbona hamkumleta?" akauliza. "Nilikwisha kumwonyesha mwanangu mahali pa kuchimba. Hapo, ubavuni kwa mama yake."

"Mvua," nikamwambia. "Njia ilikatika."

Aliitazama mihogo yake, majani yalivyolegea kwa jua la mwezi mzima, kisha akarudi kwenye palizi.

"Haya, baba," akasema.